Tafsiri ya Marehemu

Wamerudi. Miaka thelathini na tatu,
na wamerudi kwenye kioo kama waliokwenda dukani.
Mama kaamrisha kaimati zikaangwe kabla ya magharibi
asije akakosa hata tangazo la mchele.

Mabela, usiku wa sita wa Ramadhani.
Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Dada Ghaniya kaja na wanawe kutoka Barka,
mimi nimetoka Nizwa na gari lisilo na breki za kuaminika,
na mama kavaa miwani ya msahafu, si ile ya kila siku.

"Yule si Nuwera?"
Ndiye. Shingo imenenepa,
nyusi kachorewa na mtu mwenye haraka,
lakini mlango bado anausukuma kwa kidole kimoja,
kama anaogopa kuuamsha.
Mama akajipiga paja:
"Shoga, tumezeeka!"

Walijuana hivi.
Mama alishuka Maskati na sanduku moja
na Kiarabu chake chote cha kusalia.
Aliweza kumwomba Mungu, hakuweza kununua nyanya.
Chumba Ruwi, juu ya fundi cherehani wa Kikerala,
televisheni yenye waya uliovishwa karatasi ya chokoleti,
tamthilia ya Kikuwaiti kila baada ya isha,
na baba, aliyemtangulia kufika kwa miaka minne,
mdomo sikioni mwake, akitafsiri,
nusu sentensi nyuma ya watu wa kwenye kioo.
Kila aliyelia mle alilia mara mbili,
mara ya pili kwa Kiswahili cha Wete.

Usiku wa mwisho Nuwera alisimama mlangoni na begi.
Mishari, mumewe, uani, mikono nyuma.
Akasema neno. Baba akatafsiri:
"Anamwambia, nenda, mimi nitakuwa macho mpaka urudi."

Basi hilo likawa neno la nyumba yetu.
Baba akienda Fahud, wiki sita kwenye visima,
mama mlangoni: nenda, nitakuwa macho.
Mimi siku ya kwanza ya shule. Ghaniya na maharusi yake.
Hata baba mwenyewe, kwenye machela, mwaka juzi,
aliambiwa hivyo.

Sasa aliyekuwa Mishari naye kafariki.
Wameacha kiti chake mezani, na birauri imejaa maji.
Nuwera anakitazama, picha inafifia,
wanatuletea kipande cha zamani, rangi zimepauka:
mlango, begi, uani, mikono nyuma.

Mama siku hizi hugombana na madaktari kwa Kiarabu.
Hakuna aliyemtafsiria.

"Acha funguo," alisema Mishari.
Basi. Acha funguo.

Kaimati ikabaki hewani, asali ikimdondokea kidoleni.
"Rudisha nyuma," akamwambia mjukuu.
Acha funguo.
"Tena."
Acha funguo.
Ghaniya akanitazama, nikaitazama zulia.
"Mwongo yule," mama akasema, taratibu,
kwa sauti ambayo watu huambiana nayo: njoo ule.

Yaliyofuata sikuyashika. Kuna wakili, kuna hati ya nyumba.
Mtoto mdogo wa Ghaniya, ambaye Kiswahili chake ni salamu tu,
akauliza kwa nini yule mama analia.
Mama akamvuta, akaweka mdomo sikioni mwake,
akaanza, nusu sentensi nyuma.
Nilikuwa karibu. Nilisikia kila neno.
Hakuna hata moja lililosemwa mle.

Saa nne nikaaga. Mlangoni nikasubiri langu,
kama mtoto anayesubiri sarafu ya Idi.
Akanitazama juu ya miwani.
"Acha funguo," akasema,
akacheka hata akashika ukuta.

Nilifika Nizwa karibu saa sita.
Nikapiga simu kusema nimefika,
nikidhani itaita mpaka ikatike.
Ikapokelewa kabla ya mlio wa pili.